Kamĩrĩĩthũ: Ekari Nne za Wanakijiji

Mwaka 1976 Kituo cha Kamĩrĩĩthũ kilikuwa na ekari nne za ardhi, karibu zote nyasi tupu, na banda moja la kuta za udongo lenye vyumba vinne ambalo tayari lilikuwa linabomoka. Ardhi hiyo ilitengwa kwa ajili ya kituo cha vijana, kisha ikakaa tu, kama vinavyokaa viwanja vingi vya umma vijijini, ikingoja wa kuitumia. Mwezi Machi 1982 serikali ya Kenya ilituma malori matatu ya polisi wenye silaha kwenda kubomoa kilichokuwa kimesimama pale. Miaka sita tu. Katika muda huo wanakijiji wa Limuru walijenga mahali pa kujifunza kusoma, pa kufanyia vikao, pa kuimba na kuigiza, na historia ya mahali hapo inastahili kusimuliwa kwa ajili yake yenyewe.

Nasema kwa ajili yake yenyewe kwa sababu jina Kamĩrĩĩthũ likitajwa, watu wengi humkumbuka mtu mmoja na kitabu kimoja: Ngũgĩ wa Thiong'o na tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, na mwaka aliokaa katika gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Lakini mchezo ule ulizaliwa na kituo, na kituo kilikuwa na mambo mengi zaidi ya mchezo. Kilikuwa na kamati, wanafunzi, walimu wa kujitolea na mpango wa kazi. Mimi naamini kwamba wakubwa waliogopa kituo kuliko walivyoogopa mchezo, na tarehe zenyewe, zikipangwa vizuri, zinalithibitisha hilo.

Tuanze na kijiji. Kamĩrĩĩthũ iko Limuru, katika Kiambu, kama kilomita 30 kutoka Nairobi. Kijiji kilichojulikana kwa jina hilo miaka ya 1970 hakikukua polepole kama vijiji vinavyokua. Ni zao la amri. Baada ya gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, wakoloni walitafuta njia ya kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na watu waliowapa chakula na habari. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Agĩkũyũ, Aembu na Ameru waling'olewa kwenye maboma yao na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800, chini ya ulinzi na amri ya kutotoka nje usiku. Ngũgĩ, aliyezaliwa hapo mwaka 1938, amesimulia alivyorudi likizo mwaka 1955 kutoka shule ya bweni ya Alliance akakuta nyumba yao haipo, na majirani wote wamehamishiwa kwenye kijiji kipya.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wenye ardhi waliondoka vijijini wakajenga kwenye mashamba yao. Waliobaki ni wale ambao hawakuwa na pa kwenda. Limuru ina mashamba makubwa ya chai upande wa Tigoni, ina kiwanda cha viatu cha Bata, ina reli. Watu wa Kamĩrĩĩthũ walikuwa mikono ya huko kote: wachuma chai, wafanyakazi wa kiwandani, vibarua wa kutwa, wachuuzi wadogo, wakulima wenye vishamba visivyotosha, na vijana wasio na kazi. Idadi yao ilifika kama elfu kumi. Mtu akitaka kuelewa kwa nini kituo kilishika moto pale na si kwingine, aanzie hapa. Kijiji kilijaa watu waliopigania ardhi, au waliozaa waliopigania, na ambao hawakuipata.

Asubuhi moja ya mwaka 1976 mama mmoja wa kijijini alifika nyumbani kwa Ngũgĩ. Wakati huo Ngũgĩ alikuwa mwandishi mwenye sifa, tena mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiishi Limuru na kwenda mjini kufundisha. Mama huyo hakuzunguka maneno. Alimwambia kwamba wamesikia ana elimu nyingi na anaandika vitabu. Mbona yeye na wenzake hawaigawi elimu hiyo kidogo kijijini? Alieleza kwamba kuna kituo cha vijana kilichokaa bure na kinahitaji watu wa kukiinua. Ngũgĩ alijibu kwamba atafikiria. Jumapili iliyofuata mama akarudi. Na iliyofuata tena. Akarudi mpaka msomi akaishiwa na visingizio.

Jina lake halimo katika simulizi zinazojulikana. Kwangu mimi yeye ndiye mwanzilishi. Wasomi walioingia baadaye, Ngũgĩ mwenyewe, Ngũgĩ wa Mĩriĩ aliyekuwa katika taasisi ya utafiti wa maendeleo chuo kikuu, Kĩmani Gecaũ wa Idara ya Fasihi na Kabirũ Kinyanjui, waliitika mwito. Mwito ulitoka kijijini, na kamati iliyosimamia kituo ilikuwa na wakulima na wafanyakazi wengi kuliko watu wa vyuo.

Kazi ya kwanza ilikuwa gumbaru. Katikati ya mwaka 1976 madarasa ya watu wazima yalianza katika lile banda la udongo, yakiongozwa na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mtindo wa kufundisha ulikaribiana na ule wa Paulo Freire wa Brazili: mtu hafundishwi herufi kwa kukariri maneno asiyoyahitaji, anaanza na jambo linalomsumbua, analijadili na wenzake, kisha anajifunza kuandika maneno ya jambo hilo. Mshahara, ardhi, karo, bei ya unga. Kufikia Desemba mwaka huohuo wanafunzi 56 walikuwa wamemaliza, wanawake wakiwa wengi. Kwa kijiji cha watu elfu kumi hiyo si hesabu kubwa, lakini ilitosha kubadilisha mwendo wa kituo, maana watu hao sasa walitaka kitu cha kusoma. Vitabu vya Kigĩkũyũ vya watu wazima vilikuwa haba, na vingi vilikuwa vya dini.

Mpango wa kituo ulikuwa mpana. Baada ya kisomo ingefuata elimu endelevu. Kungekuwa na sehemu ya utamaduni, sehemu ya uzalishaji wa vitu vya matumizi ya kila siku kama samani na bidhaa za ngozi, na sehemu ya afya. Mchezo wa kuigiza uliwekwa chini ya utamaduni kwa sababu za kiutendaji kabisa: ungewapa waliomaliza gumbaru maandishi ya kusoma, na kiingilio kingeleta fedha za kuendeshea shughuli nyingine. Nadhani jambo hili husahaulika sana. Jukwaa lilianza kama chanzo cha mapato ya kituo cha jamii na kama kitabu cha kiada.

Hapa ni vizuri kukumbuka kwamba kumbi za jamii hazikuwa ngeni nchini Kenya. Nairobi ilikuwa nazo tangu miaka ya 1920, ulipojengwa Ukumbi wa Kumbukumbu wa Pumwani kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye mtaa wa Kaloleni ulijengewa holi katikati ya nyumba zake za mawe. Kumbi hizo ziliwekwa na baraza la mji ili Waafrika wapate pa kucheza dansi, kushona na kunywa chai bila kuleta fujo. Wenyeji walizitumia kwa yao. Ilikuwa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, ambapo kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alisimama na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Majuma matatu baadaye alikamatwa, na akakaa kizuizini mpaka Oktoba 1961. Kwa hiyo serikali, ya mkoloni na iliyoifuata, ilikuwa na uzoefu wa nyumba za jamii zinazogeuka mabunge. Tofauti ya Kamĩrĩĩthũ ni kwamba wenyeji hawakukodi ukumbi wa mtu. Waliujenga.

Desemba 1976 kamati iliwaomba Ngũgĩ wawili waandike mchezo. Muhtasari ulikuwa tayari kufikia Aprili 1977, na kisha wanakijiji wakaanza kuusoma kwa pamoja na kuukosoa. Wasomi wawili waliokuwa wamezoea kusahihisha kazi za wanafunzi sasa walisahihishwa wao. Wazee waliwaambia kwamba mzee hasemi hivi, kwamba methali hii haitumiki hapa, kwamba kijana akizungumza na mkwewe huanza kwa maneno mengine. Mfanyakazi wa kiwandani alieleza jinsi zamu inavyokwenda na jinsi mshahara unavyoyeyuka. Ile sehemu ya harusi inayoimbwa kwa mtindo wa gĩtiiro iliandikwa neno kwa neno kama ilivyotamkwa na mama mkulima asiyejua kusoma. Aliketi, akaimba, nao wakaandika.

Hadithi ya mchezo waliijua wote kwa sababu ilikuwa yao. Kĩgũũnda, kibarua wa shambani, ana ekari moja na nusu tu, na hatimiliki yake ameitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Tajiri wake, Ahab Kĩoi wa Kanoru, anakuja na mkewe kumshawishi yeye na mwenzi wake Wangeci wafunge ndoa kanisani, waache kuishi katika dhambi. Harusi ya kanisani inataka suti, keki na karamu. Kĩgũũnda anachukua mkopo benki kwa rehani ya shamba lake. Mkopo unamshinda, na shamba linakwenda, kumbe Kĩoi na washirika wake walikuwa wanalitaka kwa ajili ya kiwanda cha dawa za wadudu. Binti yake Gathoni anapewa mimba na mtoto wa Kĩoi kisha anakataliwa. Hakuna mtu Limuru aliyehitaji kuelezwa Kĩoi ni nani.

Wakati mazoezi yanaendelea, jukwaa lilikuwa linajengwa. Ramani yake haikuchorwa na msanifu wa majengo. Ilipangwa kwanza chini kwa njiti za kiberiti, watu wakaitazama, wakahamisha njiti hapa na pale, kisha wakachimba. Kilichosimama ni jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, nyuma yake ukuta wa mianzi wa nusu duara, na nyuma ya ukuta kijumba cha vyumba vitatu cha kuhifadhia vifaa na kubadilishia nguo. Mbele, viti virefu vya mbao vilipanda kama ngazi, vikitosha watu zaidi ya elfu mbili. Hakukuwa na paa. Hakukuwa pia na mpaka mkali kati ya mchezaji na mtazamaji. Gharama zililipwa kwa michango na kwa nguvu za mikono. Katika nchi ambayo jumba lake la kitaifa la maonyesho lilijengwa na wakoloni mwaka 1952, na ambako hata mwaka 1976 waandaaji wa mchezo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, walilazimika kugombania siku za kuonyesha na vikundi vya Wazungu, wakulima wa Limuru walijijengea jumba lao wenyewe.

Mazoezi yalifanywa mbele ya watu, na hili sidhani lilipangwa kwa nadharia yoyote. Hapakuwa na ukuta wa kuwazuia. Watoto, wapita njia, waliotoka sokoni, wote walisimama kutazama, na kwa kuwa walirudi kila mara walizijua nafasi za kila mchezaji na hawakusita kumwambia mtu kwamba jana alifanya vizuri zaidi. Wachezaji waliotoka zamu za kiwandani au mashambani walifika kwa wakati. Ngũgĩ aliandika baadaye kwamba ulevi, tatizo sugu kijijini, ulipungua mno katika miezi hiyo, na kwamba walevi waliojulikana walikuwa miongoni mwa wachezaji hodari. Naliamini hilo bila shida. Mtu aliyekabidhiwa nafasi, na akajua jirani zake watafika kumtazama, ana sababu ya kurudi nyumbani mapema.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977, mwaka wa 25 tangu kuanza kwa vita vya Mau Mau. Maonyesho yalifanywa mchana, mwishoni mwa juma, ili wafanyakazi wapate kuja na kurudi makwao. Watu walikodi mabasi na matatu kutoka mbali. Kuna siku mvua ilikatiza onyesho, watu wakajificha panapofichika; ilipokatika walirudi vitini na wachezaji wakaendelea walipoachia; ikanyesha tena, wakajificha tena, wakarudi tena. Hakuna aliyekwenda zake. Vijiji vingine vilituma wajumbe kuuliza jinsi ya kuanzisha kituo kama hicho kwao.

Swali hilo la wajumbe, nina hakika, ndilo lililosikika ofisini. Mchezo mmoja Limuru unavumilika. Vituo kumi kama hicho, vyenye kamati zisizoteuliwa na chifu wala na chama, ni jambo lingine. Tarehe 16 Novemba 1977, majuma sita na nusu baada ya kufunguliwa, ofisi ya mkuu wa wilaya ya Kiambu ilifuta kibali cha maonyesho kwa sababu ya usalama wa umma. Siku hizo mkusanyiko wowote ulihitaji kibali, na aliyetoa ndiye aliyenyang'anya. Mwisho wa Desemba polisi walikwenda nyumbani kwa Ngũgĩ usiku wakamchukua. Alizuiliwa Kamiti, ambako aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za choo, akaachiliwa Desemba 1978, miezi michache baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta. Kazi yake chuoni hakurudishiwa.

Sasa zile tarehe. Mwaka 1980 tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ilichapishwa kuwa kitabu, pamoja na riwaya aliyoiandika gerezani. Vyote viwili viliuzwa madukani Kenya, tena kwa kasi ambayo wachapishaji hawakuitarajia kwa lugha ya Kiafrika. Riwaya ilisomwa kwa sauti majumbani, katika matatu na baa, msomaji akinunuliwa kinywaji ili asikome. Serikali haikuvikusanya vitabu hivyo. Maneno yaleyale, Kĩoi yuleyule, hatimiliki ileile ukutani: kwenye karatasi yaliruhusiwa, jukwaani Kamĩrĩĩthũ hayakuruhusiwa. Kama tatizo lingekuwa maneno, kitabu kingekuwa hatari zaidi, kwa maana kitabu kinasafiri. Kilichokatazwa ni watu kuyasema pamoja, mahali pao, chini ya uongozi wao. Ndiyo maana nakataa masimulizi yanayoifanya Kamĩrĩĩthũ kuwa sura moja katika maisha ya mwandishi. Mwandishi aliachiliwa na kitabu chake kikauzwa. Kituo ndicho kilichohukumiwa.

Na hukumu haikutekelezwa mara moja. Kituo hakikufa mwaka 1977. Watu waliendelea kukutana, na mwaka 1981 wakaanza maandalizi ya mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, wenye nyimbo nyingi kuliko maneno, nyimbo zilizochotwa kutoka makabila kadhaa ya Kenya. Ulirudi nyuma hadi enzi za mkoloni, kwenye kitambulisho cha kipande na kazi za kulazimishwa. Kwa wale wanaodai kwamba Kamĩrĩĩthũ ilikuwa shughuli ya kabila moja, mchezo huu ni jibu tosha: kijiji kilichoanza na lugha yake kilikuwa tayari kinajifunza nyimbo za jirani.

Ulipangwa kufunguliwa tarehe 19 Februari 1982 katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho jijini Nairobi. Kibali kiliombwa na jibu halikuja. Siku ilipofika wachezaji walikuta milango imefungwa na polisi wamesimama. Hata hivyo mazoezi yalikuwa yakifanyika katika ukumbi wa maonyesho wa chuo kikuu, na watu waliposikia walimiminika. Katika mazoezi kumi hivi, watazamaji wanaokisiwa kuwa kati ya 12,000 na 15,000 waliingia bila kulipa, wakiketi sakafuni, ngazini na madirishani. Kisha ukumbi huo nao ukafungwa.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Alhamisi, tarehe 11 Machi 1982, serikali ilikipiga marufuku Kituo cha Kamĩrĩĩthũ na kukataza shughuli zote za maigizo katika eneo hilo. Tarehe 12 Machi malori matatu ya polisi yaliingia kijijini, na jukwaa, ukuta wa mianzi na viti vya mbao vikasawazishwa na ardhi. Kwa wazee wa Kamĩrĩĩthũ ilikuwa mara ya pili katika maisha yao kuona watu wenye sare wakibomoa walichojenga. Mara ya kwanza sare zilikuwa za Mwingereza. Mwezi Juni bunge liligeuza Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na Agosti kukatokea jaribio la kuipindua serikali. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa London mwezi Juni kwa uzinduzi wa kitabu, hakurudi. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe.

Zimbabwe ilikuwa imepata uhuru miaka miwili tu kabla, na iliwapokea kama watu wenye ujuzi unaohitajika. Gecaũ alifundisha huko. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifanya kazi ya elimu na maigizo ya jamii, akawa mhimili wa chama cha maigizo ya jamii cha nchi hiyo, kilichojulikana kama ZACT, kilichokusanya vikundi vya mitaani na vijijini. Namna ya kufanya kazi tunaijua: watu wanajadili tatizo lao, wanalitungia mchezo, wanaucheza mbele ya majirani, wanabishana baada yake. Alifariki Zimbabwe mwaka 2008 kwa ajali ya gari. Wakenya wengi wanaojua jina la Ngũgĩ mmoja hawamjui Ngũgĩ huyu wa pili, mwalimu wa lile darasa la watu 56, na nadhani tunawiwa kumfundisha shuleni kama tunavyomfundisha mwenzake.

Mahali pa jukwaa pakajengwa chuo cha ufundi. Sina ugomvi na chuo cha ufundi. Vijana wa Limuru wanahitaji ujuzi wa mikono, na mpango wa kwanza wa kituo, kumbuka, ulikuwa na sehemu ya samani na bidhaa za ngozi. Ugomvi wangu ni na ukimya. Ngaahika Ndeenda ulirudi jukwaani Nairobi mwezi Mei 2022, kwa Kiingereza na Kigĩkũyũ, katika jumba lilelile la kitaifa lililowafungia milango wanakijiji miaka 40 kabla, na watu walijaa. Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87, dunia nzima iliandika juu yake, na karibu kila tanzia iligusa Kamĩrĩĩthũ kwa sentensi mbili au tatu. Kituo chenyewe bado hakijaandikiwa historia ndefu kwa Kiswahili, lugha ambayo mchuma chai wa Kericho na mvuvi wa Lamu wangeisoma.

Waliokuwa na miaka 20 jukwaani mwaka 1977 sasa wanakaribia 70. Mabinti waliocheza Gathoni ni bibi. Waliochimba mashimo ya nguzo, waliohamisha njiti za kiberiti, waliosahihisha methali za maprofesa, wengi wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wanahesabika. Katiba ya 2010 iliweka shughuli za utamaduni na vifaa vyake mikononi mwa kaunti, kwa hiyo Kiambu haihitaji ruhusa ya mtu Nairobi kutuma vijana wenye vinasa sauti kwenda nyumba kwa nyumba. Kazi ya kwanza iwe kutafuta jina la yule mama wa Jumapili.